Jalada la Mtani Wangu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, iko hapa Sindeni sebuleni na inakwenda vizuri, ila jamani, kumpa mtu saa siku ile ile anayoruhusiwa kuchelewa kwa mara ya kwanza maishani! Pamoja na saa mkanipa kazi. Mkasema niwaandikie ninyi mnaobaki masijala, kwa kuwa, kama alivyosema mmoja wenu akiwa na sambusa mdomoni, "mama akiondoka anaondoka na kabati zima." Kabati nimeliacha na funguo nimekabidhi kwa maandishi. Hiki ndicho nilichoondoka nacho.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Aliyepandishwa alipandishwa, aliyerukwa anajijua. Nitaanza na chumba, kwa sababu mtu wa masijala maisha yake ni chumba.

Nilianza kwenye shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kuwa na sabuni tena. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, cheti cha kidato cha nne na viatu vya dada yangu. Masijala ya shamba ilikuwa chumba cha dirisha moja chenye nondo, makabati matano ya chuma na meza mbili. Kutoka kiwandani ilisikika korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge ibaki singa, ikinguruma kuanzia asubuhi. Ukiisikia imenyamaza unajua kuna tatizo, na baada ya dakika chache mtu anakuja mbio kutaka jalada la fundi.

Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Shemweta, Msambaa wa Dindira, mwembamba, mwenye sweta la mikono mirefu hata kwenye joto la bondeni. Siku ya kwanza hakunionyesha majalada. Alinionyesha ndoo ya maji na sabuni nyuma ya mlango.

"Binti, hapa tunanawa kabla ya kushika," akasema. "Baada ya kula, kabla ya kushika, na ukikohoa mkononi."

Nikadhani ni kwa ajili ya kutunza karatasi. Nikanawa.

Kisha akatoa kwenye droo kipande cha kadibodi ngumu, kimekatwa kutoka kwenye boksi la chaki, ukubwa wa karatasi ya kawaida. Katikati alikuwa amekikata tundu refu, upana wa mstari mmoja wa maandishi. Alikiita kidirisha. Afisa akija kuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mtu, Mzee Shemweta alifungua jalada upande wake wa meza, akalifunika kwa kidirisha, akakisogeza mpaka tarehe ionekane peke yake, ndipo akamgeuzia. Afisa aliona mstari mmoja. Mengine yote, mke, watoto, maonyo, maradhi, yalikuwa chini ya kadibodi.

"Umetumwa tarehe, soma tarehe," aliniambia. "Ukitoka na kingine umeiba."

Nilimwona mzee wa visirani. Mkubwa wa kiwanda anasimama pale anatoka jasho, naye anasogeza kadibodi taratibu utadhani anatafuta mwezi wa Ramadhani. Nilijifunza kutoboa karatasi, kufunga kwa kamba ya faili, kupanga kila karatasi kwa namba yake na kuandika kwenye rejista ya mwendo wa majalada: limetoka lini, limekwenda kwa nani, limerudi lini. Kidirisha nilikitumia Mzee Shemweta akiwa anatazama. Akitoka, kilirudi kwenye droo.

Wafanyakazi wa mkonge walikuwa wametoka kila pembe ya nchi. Wengi hawakujua kusoma, walitia dole gumba. Fikirini hilo vizuri. Mtu ana jalada lenye maisha yake yote ndani, na yeye peke yake ndiye asiyeweza kulisoma. Sisi makarani wa cheti cha kidato cha nne ndio tuliokuwa tunamjua kuliko anavyojua kwamba tunamjua.

Mmoja wao alikuwa Maganga, Mnyamwezi, fundi wa korona, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilichokunjika kisinyooke, akisema mashine ilimla. Kwa korona hakuwa na mfano. Alisikiliza ngurumo yake akiwa amekaa anakunywa chai, na akasema "bearing ya kulia inalia" kabla mwenyewe mwendeshaji hajajua.

Sasa Mnyamwezi na Mzigua kama mimi ni watani. Ninyi vijana utani mnaufahamu wa mpira tu, kwa hiyo niseme. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya watu, kukuita mtumwa wake, kukunyang'anya sahani ukiwa unakula, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika aibu ni yako. Unachoweza ni kurudisha. Basi tangu wiki ya kwanza Maganga alinifanya kitoweo chake. Nikipita kiwandani anapiga kelele, "Mtumwa wangu, mbona leo umevaa viatu? Huko Sindeni mmeanza lini?" Nami namjibu, na watu wanacheka. Nilimpenda kwa hilo. Msichana mgeni kazini, mtu wa kukutania ni ndugu.

Chai tulikunywa saa nne, kwenye banda la Mama Zena kando ya kiwanda. Alikuwa na vikombe vya bati vyeupe vyenye ukingo wa buluu, kama ishirini hivi, vyote sawa, vinazunguka kwa watu wote.

Siku moja Maganga alikuwa anaomba likizo. Nikatumwa tarehe yake ya kuajiriwa. Mzee Shemweta hakuwepo, kidirisha kilikuwa kwenye droo. Nikafungua jalada, nikapata tarehe, na nikaendelea kufunua. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nafunua tu, kama mtu anayekula karanga. Kwenye karatasi ya nne nikakuta barua yenye mhuri mkubwa, na kichwa chake kwa herufi kubwa kilitaja makazi ya wagonjwa wa ukoma, huko kwao. Nikafunga jalada haraka. Moyo ulinidunda, na nitasema ukweli, ulidunda kwa utamu. Nilikuwa na kitu.

Saa nne nikaenda kwa Mama Zena. Maganga alikuwepo, na watu kama kumi na tano. Akaanza: "Karibu mtumwa wangu. Watu wa Handeni leo mmekula, au bado mnachimba mizizi porini?"

Watu wakacheka. Nikamjibu hapo hapo, kwa sauti, na jinsi nilivyosimama nakumbuka mpaka leo, mkono kiunoni: "Bora mizizi. Wewe kwenu hata si Tabora, kwenu ni kwa wakoma! Unafikiri sijaiona barua yako na mhuri wake? Kidole hicho kililiwa na mashine gani?"

Wakacheka wawili watatu. Halafu hakuna aliyecheka. Mtu mmoja akatazama kikombe alichokuwa nacho, akakiweka chini.

Maganga ndiye aliyecheka mwisho. Alicheka kwa nguvu, akapiga goti lake. "Haya, leo mtumwa wangu kanipata!" akasema. Akamaliza chai yake, akanyanyuka, akarudi kwenye mashine.

Kesho yake kikombe kimoja cha Mama Zena kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Maganga alipokuja, Mama Zena alimimina chai katika kile, akampa kile. Akakitazama, akautazama ule uzi, akanywa.

Nilimfuata jioni njiani kwenda kambini. Nikamwambia, "Kaka Maganga, nisamehe. Nimekosa."

"Kwani kuna nini mtani? Utani tu ule." Akatabasamu. "Wewe nenda."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kama ningemwambia maneno yale bila utani, angeweza kunishitaki kwa meneja, au kunizaba kibao, au kunisamehe. Kwa kuwa nilisema kwa utani, nilimfunga mdomo. Hakuweza hata kuumia mbele ya watu.

Mzee Shemweta habari zilimfikia siku ya tatu. Hakunigombeza. Alifunga mlango, akanawa mikono, akakaa.

"Ulitumwa nini kwenye jalada la Maganga?"

"Tarehe ya kuajiriwa, mzee."

"Na barua uliisoma mpaka mwisho?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. Nilidanganya. Nilikuwa nimesoma kichwa tu, lakini niliona ni vibaya zaidi kukiri kwamba nimemwaga siri ambayo hata sikuisoma.

"Maganga ni mtani wako wewe," akasema. "Jalada lake halina mtani." Akatoa kidirisha kwenye droo yake, akakiweka kwenye yangu. Hakurudia suala lile tena. Angenichapa ningeshukuru.

Miaka ikaenda. Watu wa mkonge hawakai. Huyu anarudi kwao, yule anakufa, wageni wanakuja. Baada ya muda waliokuwepo siku ile walibaki wachache, na wageni hawakujua habari ya barua. Walikikuta kikombe chenye uzi mwekundu na wakaambiwa ni cha fundi Maganga. Wakadhani ni heshima ya mzee wa kiwanda! Kijana akikishika kwa bahati mbaya wenzake wanamwambia, "Acha, hicho cha fundi." Mama Zena alikuwa anabadilisha uzi ukichakaa. Maganga aliendelea kunitania kama kawaida, nami nilimjibu, lakini tangu siku ile nilijibu kwa sauti ndogo. Kila saa nne nilikitazama kikombe kile. Miaka kumi na miwili, hesabuni wenyewe ni chai ngapi.

Mzee Shemweta akastaafu, akarudi kwake Dindira kwenye baridi aliyokuwa anavalia sweta tangu zamani. Masijala akaniachia mimi. Kisha likaja lile wimbi la mashirika ya umma kuuzwa, na shamba letu likapata mwekezaji. Gari jipya likaingia, mabango yakapakwa rangi, na akaja meneja utumishi kutoka Dar es Salaam, kijana, mpole wa sauti, mwenye kompyuta ya kwanza niliyoiona kwa macho. Sitamsema vibaya. Alikuwa amepewa idadi ya watu wa kupunguza, na naye alikuwa na woga wake.

Siku ya Alhamisi akaingia masijala na karatasi kubwa ya mistari. Ilikuwa na safu ya jina, umri, kazi, miaka ya kazi. Safu ya mwisho iliandikwa "Maradhi".

"Dada, nijazie hii kwa watu wote," akasema. "Jumatatu mchana naihitaji. Najua mmeweka karatasi za zahanati humu humu kwenye majalada, utazipata. Wenye historia ya magonjwa ndio tutaanza nao."

"Na aliyepona?"

"Andika alichougua. Tutaamua sisi."

Alipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati la tatu. Barua ilikuwepo, karatasi ya nne. Sikuigusa. Nilijua nikijaza safu ile Maganga anaondoka, na pamoja na kazi inaondoka nyumba ya kambini, maana nyumba ni ya mfanyakazi. Korona itampata fundi mwingine. Mimi nitakuwa nimemtoa mara mbili kwa barua ile ile.

Niliwaza kuichomoa. Ninyi msinidanganye, mngewaza pia. Ingetosha kiberiti. Lakini karatasi zilikuwa na namba, ya tatu ikifuatwa na ya tano mtu yeyote anajua, na mkono ulionilea haukunifundisha kuchomoa. Jumamosi nikapanda lori la mbolea ya chai mpaka Dindira.

Mzee Shemweta alikuwa kibarazani anapalilia maharage kwenye ndoo kuukuu, sweta lile lile. Nikampa shikamoo, nikapewa chai, nikaeleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi zilizoandikwa zahanati ni za zahanati," akasema. "Zilikuja kwetu kwa uvivu wetu, tulikosa kabati kule. Zirudishe kwao, uziandike kwenye rejista, Mama Mganga, mkuu wa zahanati, atie sahihi. Huo si wizi, ni kurudisha kitu kwake."

"Na zile barua watu walizokuja nazo wenyewe? Kama ya Maganga?"

Akafuta udongo mikononi. "Umemuuliza?"

"Nani?"

"Mwenye jalada."

Jamani. Miaka yote ile ya kazi, nilikuwa nimeulizwa na mameneja, mapolisi, mabenki, wake wa watu. Mimi kumuuliza mwenye jalada lake anataka nini, sikuwahi, wala sikuwahi kusikia aliyewahi.

Jumapili alasiri nikaenda kambini. Maganga alikuwa anashona kandambili. Nikamweleza safu ya maradhi, nikamweleza Jumatatu. Nikamwambia, "Barua ni yako. Unataka niifanye nini?"

Akaweka sindano chini. "Kwanza niione."

"Jalada halitoki ofisini. Njoo kesho asubuhi, kabla ya kengele."

Akaja saa moja kamili, kavaa shati la kwendea kanisani. Mlangoni akaiona ndoo, akanawa bila kuambiwa. Alikuwa hajawahi kuingia chumba kile; siku zote aliishia dirishani. Nikaweka jalada mezani. Mkono ulinipeleka kwenye droo kuchukua kidirisha, kwa mazoea, kisha nikakiweka kando. Lilikuwa lake lote.

Nikafungua karatasi ya nne, nikaanza kumsomea. Nikasoma kile kichwa. Nikashuka chini yake, mahali ambapo sijawahi kufika: "Kwa yeyote inayemhusu. Mchukuzi wa barua hii alitibiwa hapa akiwa kijana..."

"...na amepona kabisa," Maganga akadakia. Alikuwa amefumba macho. "Hana ugonjwa, hawezi kumwambukiza mtu yeyote. Kidole chake ni kovu la zamani. Anaweza kula na watu, kulala na watu, na kufanya kazi yoyote. Tunaomba apokewe."

Ilikuwa hivyo, neno kwa neno. Daktari alikuwa amemsomea siku anaondoka, naye akaishika. Aliibeba barua ile kutoka kwao mpaka Korogwe, akaikabidhi dirishani siku ya kuajiriwa kama mtu anayekabidhi cheti, akiamini ndiyo itakayomsemea.

Nikashindwa kuinua macho. "Sikuijua," nikasema.

"Hukuijua vipi? Si uliisoma?"

"Nilisoma kichwa tu, kaka."

Akafumbua macho. "Mimi nilidhani uliisoma yote," akasema polepole. "Nilidhani ulijua nimepona, ukaamua kusema nusu. Miaka yote nilikuwa najiuliza, huyu mtoto nilimkosea nini?"

Nililia. Sioni haya kuwaambia. Nililia na kuikinga barua isilowe, na yeye akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwomba radhi akaipokea, maana siku ile hatukuwa watani, tulikuwa watu wawili na karatasi.

"Barua nipe," akasema. "Inisemee nikiwa nayo mkononi."

Nikafungua rejista. Kwenye safu ya "Limekwenda kwa nani" nikaandika "Mwenyewe". Akatia dole gumba. Mahali pa karatasi ya nne nikaweka karatasi tupu iliyoandikwa kwamba amekabidhiwa mhusika, namba zisiruke. Siku hiyo niliwaita na wengine waliokuwa na barua kama ile. Mmoja alichukua, mmoja alisema ibaki, mmoja aliomba nimsomee mara tatu halafu akasema hataki kuiona tena.

Maganga alipofika mlangoni akageuka, na uso wake wa utani ukarudi. "Bado faini, mtumwa wangu. Saa nne, kwa Mama Zena, utanywea kikombe changu."

Saa nne nikaenda. Banda lilikuwa limejaa. Nikasema, "Mama Zena, leo nipe kile chenye uzi." Mama Zena akasimama na birika mkononi. Yeye alikuwa anakumbuka kila kitu. Akamtazama Maganga, akanitazama, akamimina. Nilikunywa taratibu mpaka sukari ya chini. Wageni hawakuelewa kitu, waliona karani kanyang'anya kikombe cha fundi, wakapiga makofi.

"Mzigua kanywa!" Maganga akapiga kelele. "Sasa ni mtumwa kamili, na hati ninayo."

Nikamrudishia kikombe. Akampa Mama Zena hapo hapo akijaze, akanywa bila kukisuuza. Mama Zena akanyoosha mkono kuukata uzi, Maganga akamzuia. "Uache," akasema. "Nimeuzoea."

Mchana nikampelekea meneja orodha yake. Safu zote zilijaa, ya mwisho ilikuwa tupu, na chini nilikuwa nimeandika kwamba karatasi za tiba zimerudishwa zahanati. Alikasirika, kwa ile sauti yake ya upole. Akaenda zahanati mwenyewe. Mama Mganga, mwanamke mfupi asiyeogopa gari jipya, alimwambia: "Lete watu wote niwapime. Nitakupa neno moja kwa kila mtu, anafaa kazi yake au hafai. Anachougua ni changu na chake."

Wakapimwa. Wengi walipunguzwa hata hivyo, siwezi kuwapamba; ilikuwa miaka ya kupunguzwa. Lakini walichaguliwa kwa kazi zao, na Maganga akabaki na korona yake mpaka alipostaafu. Mimi nilipata barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua. Nilijibu nusu ukurasa. Ipo kwenye jalada langu, na yeyote kati yenu atakayelifungua kwa shughuli nyingine asiisome.

Baadaye nilihamia masijala yenu hapa Handeni, mkanipata nikiwa na nywele nyeupe. Mmehudhuria semina za sheria mpya ya taarifa binafsi, mmepewa na vitabu. Nilikaa kiti cha nyuma nikamsikia mkufunzi akisema taarifa ichukuliwe kwa lengo lililotajwa na isitumike kwa jingine, na mhusika ana haki ya kuiona. Mlikuwa mnaandika haraka haraka. Mimi nilikuwa naona kadibodi ya boksi la chaki. Wiki ile ile mmoja wenu alipiga picha karatasi ya hospitali ya mwenzake akairusha kwenye kundi la simu, akaweka na vikaragosi vya kucheka. Alipoitwa akasema, "Nilikuwa namtania tu." Ndiyo maana siku ile niliondoka mapema, nikasema kichwa kinauma.

Kidirisha kiko droo ya juu, upande wa kulia. Kompyuta zenu zina kazi kama hiyo, mnaificha mistari mnayotaka, iwasheni.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia simu mtani wangu, yuko kwao, mzee wa wajukuu. Nikamwambia vijana wanataka kumbukumbu zangu, na kumbukumbu yangu kubwa ni yake.

"Kisa chukua," akasema. "Jina niachie."

"Basi nikuite nani?"

"Niite Maganga. Huku kwetu ukiita Maganga sokoni wanageuka watu kumi."

"Na barua?"

"Andika yote. Usiandike kichwa tu."

Nimeandika yote. Kikombe alinipa siku aliyostaafu, alikiweka kwenye dirisha la masijala, akaenda zake kituoni. Nakinywea chai hapa kila asubuhi, na uzi nimeubadilisha mara mbili.